Mchoraji kwenye hela

"Dada, huyu kijana ni nani, mtoto wa mfalme wao?"

Jamaa wa dirishani pale duka la kubadilishia fedha, Samora, alikuwa ameinyanyua noti ya pauni 20 kwenye taa anaigeuzageuza kutafuta alama. Binamu yangu amekuja likizo kutoka Leicester na hela zake za kule, mimi nilikuwa nimemsindikiza tu. Akajibu yeye, macho yako kwenye simu: mchoraji huyo.

"Mchoraji? Kwenye hela?"

Ndo hivyo, mchoraji. Jamaa akatikisa kichwa, akahesabu shilingi, akapiga muhuri, tukatoka. Binamu akili yote ilikuwa kwenye vitenge vya Kariakoo, mimi nikabaki na ile noti kichwani. Sisi kwenye hela tuna Mwalimu, tuna Karume, tuna simba na kifaru na tembo, yani walioshika nchi na wanyama wanaoleta wageni. Wao wakamweka mtu wa brashi. Nilimwomba aniachie moja, nikampa shilingi zake, na tangu siku hiyo imekaa mezani kwangu na kwa wiki kadhaa sasa haijaniacha nilale vizuri.

Joseph Mallord William Turner. Picha zake nilikuwa nazijua kwenye skrini na nilikuwa nazipenda, nazipenda bado, yale majua yanayozama mpaka hujui bahari inaishia wapi na anga inaanzia wapi. Ila nilikuwa sijawahi kumfikiria yeye na hela kwa pamoja. Na kadiri nilivyozidi kuikodolea macho hiyo noti, ile sura, ile meli nyuma yake, ule mstari kuhusu mwanga, ile saini, ndivyo nilivyozidi kuona kuna watu wamebaki nje.

Ile sura

Sura iliyopo kwenye noti aliichora mwenyewe, yapata 1799, akiwa na miaka 24. Kijana amevaa kitambaa cheupe shingoni, anakutazama usoni moja kwa moja kama mtu aliyekuja kukudai. Na alikuwa na haki ya kutazama hivyo, maana mwaka huohuo Royal Academy, chama cha wachoraji wakubwa London, walimchagua kuwa mwanachama mshiriki, ngazi ya kwanza, na miaka mitatu baadaye wakampa uanachama kamili. Kijana wa kinyozi huyo.

Baba yake alikuwa na kibanda cha kunyoa na kutengeneza mawigi Maiden Lane, mtaa wa Covent Garden, London. Alikuwa anatundika michoro ya mwanae dirishani, anauza kwa shilingi chache huku anawanyoa wateja na kuwaambia mwanangu huyu atakuwa mchoraji. Mtoto akaingia shule ya Royal Academy 1789, ana miaka 14. Uzeeni Turner alisema baba yake hakuwahi kumsifia kitu chochote isipokuwa kuokoa nusu peni. Hiyo sentensi niliisoma nikacheka, baadaye nikairudia sikucheka tena.

Stori za mtoto wa kinyozi tunazipenda sana watu wetu. Mimi nazipenda. Mtu katoka chini, lafudhi ya mtaani hajaiacha mpaka anakufa, na wakubwa wakamfungulia mlango.

Lakini alikuwepo na mama.

Mary, mama yake Turner, alikuwa mgonjwa wa akili. Binti yao mdogo alishafariki 1783, kabla hata hajatimiza miaka mitano, na mama alikuwa anapatwa na hasira ambazo nyumba nzima ilishindwa kuzibeba. Mwishoni mwa 1799, yani mwaka wa hii sura, mwaka wa kuchaguliwa, wakampeleka hospitali ya St Luke's. Mwaka uliofuata akahamishiwa Bethlem, ile hospitali ya vichaa ambayo jina lake lilishakuwa tusi mjini, na akafia humohumo 1804. Waliomfahamu Turner walisema hakupenda kabisa mama yake atajwe mbele yake.

Hapa nilikwama muda mrefu. Kijana alishaanza kupata hela, wateja walikuwa wanagombania picha zake, na mama yuko Bethlem pamoja na wagonjwa wa watu wasio na kitu. Nilimkasirikia, sitaficha. Halafu nikakumbuka nyumba ngapi nimeingia mimi mwenyewe hapa mjini, unakaribishwa sebuleni, chai inaletwa, na kuna mlango mmoja wa chumba cha nyuma ambao haufunguliwi wageni wakiwepo, na wewe mgeni unajua, na unajifanya hujui. Kwa mwaka 1799 dawa haikuwepo, na kilichokuwepo kilikuwa mnyororo na maji baridi na watu wa kukushika. Sijui ningemwambia afanye nini.

Hasira ikapungua. Ila ile sura sasa siwezi kuiona peke yake.

Baba yeye alibaki naye. Waliishi pamoja kama miaka 30 hivi, mzee akaacha unyozi akawa msaidizi wa mwanae, anavuta kanvasi kwenye fremu kabla kazi haijaanza na anapaka vanishi ikiisha, mpaka akawa anasema yeye ndo anayezianza picha za mwanae na yeye ndo anayezimaliza. Walipohamia Twickenham, kwenye nyumba ambayo Turner aliichora ramani yake mwenyewe, mzee alikuwa anaenda London kufungua ukumbi wa picha kwa kudandia mkokoteni wa muuza mboga, anakaa juu ya mboga, nauli yake glasi ya jin. Alikufa 1829 na wanasema Turner hakuwa mtu yuleyule tena.

Ile meli

Nyuma ya sura kuna meli, Temeraire. Turner aliionyesha hiyo picha 1839 na hakukubali kuiuza kwa bei yoyote, alikuwa anaiita mpenzi wangu.

Temeraire ilikuwa meli ya vita ya mizinga 98, ilipigana Trafalgar 1805, ile vita ya baharini ya Waingereza na Wafaransa, ikasimama karibu kabisa na meli ya Nelson, kamanda wa Waingereza, pale mambo yalipokuwa mabaya. Mwaka 1838 serikali ikaiuza kwa pauni 5,530 kwa mvunja meli wa Rotherhithe, wakaivuta Mto Thames kwenda kukatwakatwa mbao. Ukweli ni kwamba ilivutwa na boti mbili za mvuke, na nguzo zake za matanga zilishang'olewa. Turner akaichora na nguzo zote zimesimama, nyeupe kama mzuka, mbele yake kiboti kimoja cheusi kifupi kinatema moshi mwekundu, na kulia jua linazama kwa fujo zote.

Yani alidanganya kila kitu na picha ni ya kweli. Huo ndo ufundi wake na ndo maana nampenda. Hakuwa anakopi kilichopo, alikuwa anachora ulivyojisikia uliposimama pale. Baadaye, 1842, alichora boti ya mvuke kwenye dhoruba ya theluji, akasema alijifungisha kwenye mlingoti masaa manne aione vizuri (wengi hawaamini, mimi sijali), wakamcheka eti amechora mapovu ya sabuni na chokaa. Akasema hakuichora ili ieleweke, alitaka kuonyesha hali ile ilikuwaje.

Na alikuwa na roho ya ushindani ya mtoto wa mtaani. 1832 picha yake ya bahari, ya kijivu imetulia, ilitundikwa karibu na ya mchoraji mwenzake Constable yenye mapambo mekundu na dhahabu ambayo huyo alihangaika nayo miaka mingi. Siku ya kupaka vanishi, kabla ya maonyesho kufunguliwa, Turner akaingia, akatazama ya jirani, akatazama yake, akaweka tone moja la rangi nyekundu baharini akaondoka. Constable akasema: amekuja hapa akafyatua bunduki. Baadaye akarudi lile tone akaligeuza kuwa boya. Nikisoma hiyo stori huwa nafurahi kama nilikuwepo.

Basi mimi ningeishia hapo. Mchoraji mkubwa, meli nzuri, jua, mstari pale kwenye noti unaosema kwa hiyo mwanga ni rangi. Huo mstari umetoka kwenye mihadhara yake ya 1818 alipokuwa profesa wa elimu ya umbali na mtazamo pale Academy, mihadhara ambayo alikuwa anaguguna maneno mpaka watu hawasikii, ila walikuja kwa sababu ya michoro aliyokuwa anatundika. Mzee Stothard, mchoraji mwenzake, alikuwa kiziwi na alikuwa hakosi, alisema kuna mengi ya kuona hata kama hamsikii.

Ningeishia hapo. Ila nilianza kuufuata mwaka 1805.

Pauni mia

1805, mwaka wa Trafalgar, mwaka ambao Temeraire ilipata jina, Turner mwenye miaka 30 alichukua pauni 100 akanunua hisa kwenye shamba la Jamaica. Dry Sugar Work lilikuwa linaitwa. Jina la sukari lakini lilikuwa shamba la mifugo, na waliokuwa wanafanya kazi humo walikuwa watumwa, na hao watumwa walikuwa sehemu ya mali iliyokatwa hisa. Biashara haikufika mbali, ikafa, hela ikapotea.

Pauni mia.

Najua ilivyokuwa. Watu wengi wenye akiba London wakati ule walikuwa wanaweka huko, makanisa yaliweka, wajane waliweka. Mtu aliyelelewa na baba wa nusu peni anatafuta pa kuzalishia hela yake na anaambiwa Jamaica inalipa. Nimejisemea hayo yote. Nimejiambia pia kwamba miaka miwili baadaye Bunge lilipiga marufuku biashara yenyewe, na kwamba kuanzia 1808 Turner alikuwa anakaa wiki nyingi Yorkshire nyumbani kwa Walter Fawkes, mbunge aliyekuwa upande wa kuipiga marufuku, na huyo Fawkes akawa rafiki yake wa kweli, mpaka alipofariki 1825 Turner hakuweza tena kukanyaga ile nyumba. Lazima waliongea. Mtu hawezi kulala chini ya paa la Fawkes miaka yote hiyo asisikie.

Lakini hayo yote hayanitoshi, na nafikiri sababu ni kwamba mimi ni mtu wa pwani hii. Jamaica iko mbali na watu wake walitolewa upande wa magharibi wa bara letu, najua. Ila mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa Morice wa kumpa watu 1,000 kila mwaka wapelekwe visiwani, na soko la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Sisi tunajua kwa miili yetu mtu kuwa na bei ni kitu gani, na tunajua pia kwamba wanunuzi na wauzaji wengine walikuwa wa kwetu, na kwamba wengi wao walikuwa watu wazuri majumbani mwao, wanapenda mashairi, wanapenda milango iliyochongwa vizuri.

Kwa hiyo swali langu halikuwa kama Turner alikuwa mbaya. Nilitaka kujua kama alijua.

1840

Mei 1840, miaka 35 baada ya pauni mia, alitundika picha kwenye maonyesho ya Royal Academy. Jina lake refu: Wafanyabiashara wa watumwa wanawatupa baharini waliokufa na wanaokufa, tufani inakuja.

Wengi wanaiunganisha na meli ya Zong, na mimi naona wako sahihi kwa sehemu kubwa, ingawa siku za Zong hapakuwa na tufani. Zong iliondoka Accra Agosti 1781 imebeba watu 442, zaidi ya inavyoweza kubeba. Nahodha Collingwood na watu wake wakakosea hesabu za njia, wakaipita Jamaica wakidhani ni kisiwa kingine. Kuanzia tarehe 29 Novemba, kwa siku kadhaa, wakawatupa watu baharini wakiwa hai, zaidi ya 130. Wakasema maji ya kunywa yalikuwa yanaisha. Mvua ilinyesha katikati ya siku hizo na waliendelea. Walipofika Jamaica maji yalikuwepo bado. Watu kumi walijirusha wenyewe, hawakusubiri kushikwa. Mmoja aliyetupwa alidaka kamba akapanda akarudi melini.

Kwa nini wawatupe? Bima. Mtumwa akifa kwa ugonjwa hasara ni ya mwenye meli, akitupwa ili kuokoa shehena iliyobaki bima inalipa. Pauni 30 kwa kichwa.

Wenye meli, kina Gregson wa Liverpool, walienda mahakamani 1783 kudai hela yao na baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi. Jaji Mansfield, ilipofika kwake, alisema kwa sheria kesi ilikuwa sawasawa na farasi kutupwa baharini, ingawa aliona kuna sababu ya kuisikiliza upya. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, ndiye aliyempelekea Granville Sharp, Mwingereza aliyekuwa anapigana na utumwa, habari hiyo, na Sharp akahangaika washtakiwe kwa mauaji. Hakushtakiwa mtu. Kesi nzima ilikuwa ya madai, ya hela.

Yani hata hasira ya hiyo stori ilianzia kwenye karatasi ya bima.

Ilipofika 1840 Waingereza walikuwa wanajiona wameshalimaliza hilo jambo. Sheria ya kukomesha utumwa kwenye makoloni yao ilipita 1833, na pauni milioni 20 zikalipwa kwa wenye watumwa. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata nusu peni, wakaongezewa miaka ya kufanya kazi bure kwa jina la kujifunza mpaka 1838. Juni 1840 wajumbe kutoka nchi nyingi walikutana London kupinga utumwa duniani, na picha ya Turner ilikuwa inaning'inia mjini wakati huohuo. Angeweza kuwachorea ya kuwafurahisha, mkono wa Mwingereza unakata mnyororo, wangeinunua.

Hakuchora hiyo.

Minyororo inayoelea

Ukiiona mara ya kwanza unaona jua. Mstari mweupe umeshuka katikati ya picha kama moto ulioyeyuka, anga imewaka nyekundu na chungwa, bahari imepasuka. Meli iko nyuma kushoto, nyembamba, matanga yamefungwa, inakimbia. Unasema lo, uzuri gani huu. Mimi nilisema hivyo. Ndipo jicho linashuka.

Chini kulia kuna mguu, umetokeza majini, kifundoni una pingu. Samaki wameuzunguka wanaurarua, ndege juu wanangoja zamu. Ukishauona mguu unaanza kuona na mingine, mikono imetokeza kwenye povu, vidole vimefunguka, na minyororo, minyororo imelala juu ya maji.

Hii minyororo ndo watu walimcheka nayo. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, aliiandika hiyo picha vibaya sana, akaitaja minyororo ya chuma inayoelea kama kitu kisichowezekana, na akanukuu mwandishi mmoja wa gazeti la Boston aliyesema inafanana na paka mwenye kifafa kwenye sahani ya nyanya. Thackeray, mwandishi wa Kiingereza, 1840 aliandika hajui kama ni kazi tukufu au ni kichekesho.

Lakini jamani, Turner alikuwa mtu wa bahari. Amechora meli maisha yake yote, amejaza madaftari ya kamba na nanga na matanga. Alijua chuma kinazama.

Pembeni ya picha kwenye kitabu cha maonyesho aliweka beti zake mwenyewe, kutoka kwenye shairi refu la Udanganyifu wa Matumaini ambalo hakuwahi kulimaliza. Anayesema humo ni mtu wa melini, anatoa amri. Shusheni nguzo, tufani inakuja, watupeni waliokufa na wanaokufa, msijali minyororo yao. Halafu sauti inabadilika: Tumaini, Tumaini, Tumaini la uongo, soko lako liko wapi sasa?

Msijali minyororo yao.

Nilipoisoma hiyo amri halafu nikarudi kwenye picha, nilisimama, kwa kweli nilinyanyuka kwenye kiti. Kwa sababu mchoraji amefanya kinyume cha amri. Nahodha anasema usijali minyororo, mchoraji anaitoa chini ya bahari ilikotakiwa kuzama na ushahidi ukazama nayo, anaiweka juu ya maji pale mbele kabisa ambapo huwezi kutoiona, na anaiacha ielee kinyume cha sheria zote za maji na chuma. Twain aliona kosa la fizikia. Mimi naona ni mtu anakataa kitu kisizame.

Na lile swali la soko. Wengi wanasema anaulizwa mfanyabiashara wa watumwa, na ni kweli anaulizwa yeye. Ila mtu aliyeliandika aliwahi kuwa na tumaini lake la pauni mia Jamaica, na soko lake likamfia. Sina barua yake inayosema hivyo, hii ni namna yangu ya kusoma, lakini siwezi kuamini mzee wa miaka 65 aliyelelewa kuhesabu nusu peni ameandika neno soko pembeni ya picha ya watumwa asikumbuke hesabu yake mwenyewe.

Ndo jibu nililolipata. Alijua. Kwamba alitubu, hilo sisemi. Kujua ni kujua tu.

Tanbihi

Picha ilinunuliwa na baba yake John Ruskin, akampa mwanae zawadi ya mwaka mpya 1844. Ruskin ndiye aliyekuwa mtetezi mkubwa wa Turner, kijana mwenye kalamu ya ajabu, na alishaandika kwamba kama ingebidi umilele wa Turner usimame juu ya picha moja tu angechagua hiyo. Kurasa zake kuhusu ile bahari ni nzuri mno, mawimbi, vivuli, damu ya jua kwenye maji.

Na watu waliotupwa? Amewaweka kwenye tanbihi. Chini ya ukurasa, herufi ndogo: ni meli ya watumwa, inawatupa watumwa wake, bahari ya karibu imejaa maiti.

Hapa ndipo nilipoumia kuliko hata kwenye ile pauni mia. Kwa sababu Ruskin hakuwa mtu mkatili, alikuwa anaiangalia kwa mapenzi, na kwa macho yale makali aliona kila kitu kwenye ile bahari na bado akapata pa kuwaweka wale watu wasimharibie sentensi. Na mimi nilifanya nini kwenye skrini miaka yote? Nilisema lo, uzuri gani.

Uzuri wenyewe ndo ulionisumbua zaidi. Inakuwaje ukachora mauaji yakapendeza hivi? Kuna siku niliamua picha ni ya uongo kwa sababu hiyo tu, kwamba jua halikutakiwa kuwa zuri siku ile, kwamba anga ilitakiwa iwe nyeusi. Halafu nikafikiria siku mbaya nilizowahi kuziona mimi, msiba, ajali ya barabarani, na kila moja ilikuwa na jua lake lilelile, anga safi, watoto wanacheza mtaa wa pili. Jua la tarehe 29 Novemba 1781 lilizama vizuri tu. Waliokuwa majini waliliona. Turner hakuliongezea uzuri ili kutufariji, hilo sasa naliamini, maana ukifuata ule mwanga unavyoshuka kwenye maji unakupeleka kwao hata kama hutaki.

Ruskin baadaye aliiuza. Inasemekana alishindwa kuishi nayo. 1872 ikavuka Atlantiki kwenda Marekani, bahari ileile.

Saini

Saini iliyopo kwenye noti imetolewa kwenye wosia wake. Alikufa 19 Desemba 1851, kwenye nyumba ya Chelsea alikokuwa anaishi na mjane Sophia Booth, na majirani walikuwa wanamwita Bwana Booth, wengine Admirali, hawajui kabisa ni nani. Aliacha mali ya kama pauni 140,000. Alitaka hela ijenge makazi ya wachoraji maskini waliozeeka, na picha zake zikae pamoja sehemu moja. Ndugu wakaupinga wosia mahakamani miaka kadhaa, wakachukua hela, makazi hayakujengwa. Taifa likabaki na picha, za mafuta kama 300 na michoro na rangi za maji maelfu kwa maelfu, sehemu kubwa ziko Tate London hadi leo, na Temeraire iko National Gallery.

Ile ya minyororo haimo, maana ilishauzwa. Iko Boston, Museum of Fine Arts, walionunua 1899. Kwa hiyo hata ukiwa London na noti yake mfukoni ukapita jumba hadi jumba kutafuta Turner wote, huyo mmoja hutamkuta, na wala hakuna atakayekuambia anakosekana.

Wasomaji wangu wa Boston na Massachusetts, najua mpo, mnaniandikiaga. Nendeni mkaione, kisha mnieleze ukubwa wake maana vipimo nimevisoma, sentimita 91 kwa 123 hivi, lakini kusoma siyo kusimama. Nawaomba kitu kimoja. Msianzie kwenye jua. Anzieni chini kulia, kwenye kile kifundo cha mguu, mwende kushoto kwenye mikono, muihesabu minyororo mnayoweza kuiona, halafu ndo mpande mpaka kwenye meli, na jua liwe la mwisho.